Mshindi apewe kombe lake uwanjani, asisubiri kaburini

SHABIKI wa soka wa Tanzania hahitaji kufundishwa maana ya pointi za mezani. Anajua kuna mechi zinazokwisha dakika ya 90, na kuna mechi zinazokwisha wiki tatu baadaye kwenye chumba chenye kiyoyozi, barua ikisomwa na mtu aliyevaa suti. Anajua pia kwamba hata kama uamuzi wa mezani ni wa haki, utamu wake ni mwingine kabisa. Hakuna mtu anayepanda juu ya daladala na kupuliza vuvuzela kwa sababu ya barua.

Leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tutoke kidogo kwenye mpira. Tunakwenda Marekani, kwenye mbio za pikapu, mchezo ambao wengi wetu tukikutana nao kwenye televisheni tunabadilisha chaneli haraka tukitafuta mechi. Tunakwenda huko kwa sababu kuna kisa kimoja ambacho kila aliyewahi kudhulumiwa ushindi atakielewa bila mkalimani.

Oktoba 26, 2013, kijana wa miaka 20 anayeitwa Bubba Wallace alishinda mbio za pikapu kwenye uwanja wa Martinsville, jimbo la Virginia. Akakabidhiwa zawadi yake palepale, mbele ya watu, kamera zikiwaka. Kwa macho ya haraka hiyo ni habari ya mistari mitatu tu. Lakini Wallace ni dereva mweusi, na kabla yake dereva mweusi wa mwisho kushinda mbio zozote za ngazi ya taifa za NASCAR alikuwa Wendell Scott, Desemba 1, 1963. Ilikuwa imepita miaka 50 kasoro wiki tano.

Na Scott, aliyeshinda kihalali kabisa, hakupewa kombe la ushindi ule siku hiyo. Hakupewa wiki iliyofuata. Hakupewa mpaka anaingia kaburini.

Pikapu na saa ya mbao

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. NASCAR ndiyo inayosimamia mbio za magari ambayo kwa nje yanafanana na magari ya kawaida ya barabarani, tofauti na yale ya Formula One yenye matairi nje na dereva kichwa wazi juu. Ina ligi tatu za taifa. Ya juu kabisa inaitwa Cup, tuseme ndiyo Ligi Kuu yao. Chini yake kuna ya pili, tuseme Championship. Ya tatu, iliyoanza 1995, ni ya pikapu. Hiyo ndiyo First League yao, mahali ambapo vijana wanapikwa na wakongwe wanakuja kupasha misuli.

Usizifikirie pikapu zile zinazobeba nyanya kutoka Ilula. Kwa nje utaona umbo la Toyota, Ford au Chevrolet, lakini ndani ni mashine ya vita: injini kubwa ya V8, kiti kimoja tu, na mabomba ya chuma yanayomzunguka dereva kumkinga gari likibingirika. Mzigo wote una uzito wa tani moja na nusu hivi.

Uwanja wa Martinsville ulifunguliwa 1947 na ni mdogo kuliko vyote vinavyotumika kwenye ratiba ya kawaida ya ligi hizo. Mzunguko mmoja ni kama mita 850. Umbo lake ni kama kibanio cha karatasi: njia mbili ndefu zilizonyooka, na kila mwisho kona kali ya kugeuka kurudi ulikotoka. Kwenye njia ndefu chini ni lami, kwenye kona ni zege. Siku ile walitakiwa kwenda mizunguko 200. Piga hesabu: kona mbili kubwa kila mzunguko, maana yake dereva anakanyaga breki kwa nguvu mara 400 kabla ya kwenda nyumbani. Breki zinachemka mpaka zinakuwa nyekundu kama makaa. Nafasi ya kupita hakuna, kwa hiyo anayetaka kupita anamgonga wa mbele kidogo kwa nyuma ili asogee. Ukiwa mpole, utakaa nyuma ya mtu mpaka kesho.

Kuna jambo jingine ambalo shabiki wa mpira lazima alijue. Kukitokea ajali, inapepea bendera ya njano, magari yote yanapunguza mwendo na kujipanga mstari nyuma ya gari la usalama. Mwanya wote uliouweka unafutwa. Ni sawa na timu inayoongoza 3-0, refa anapuliza filimbi, anasema sasa tuanze upya 0-0 zikiwa zimebaki dakika tano. Martinsville bendera hiyo inapepea mara kwa mara. Kuongoza pale si kazi. Kazi ni kuongoza, kufutiwa, na kuongoza tena.

Siku ile ya 2013 joto lilikuwa juu hasa. Kevin Harvick, dereva mkubwa wa ligi ya juu aliyeshuka siku hiyo kukimbiza pikapu, alivaana na kijana Ty Dillon zikiwa zimebaki raundi chache, pikapu zote mbili zikaharibika. Walipofika eneo la mafundi, mambo yakawa ya Kariakoo: mmoja wa mafundi wa upande wa Dillon akairushia pikapu ya Harvick nyundo. Katikati ya vurugu hizo, dogo aliyekuwa kwenye msimu wake wa kwanza wa pikapu alitulia, akaziheshimu breki zake, na bendera ya mwisho ya madoa meusi na meupe ikamkuta yeye mbele.

Zawadi ya Martinsville haifanani na kombe lolote duniani. Mshindi anapewa saa, ile ya zamani ya kusimama sakafuni, yenye kabati refu la mbao kumzidi mtu urefu. Wallace alipewa ya kwake jioni ileile. Kwa mkimbiaji mwingine yeyote saa hiyo ni fanicha ya sebuleni. Kwa aliyejua historia ya kilomita 50 tu kutoka pale, ilikuwa na uzito mwingine.

Mtu wa Danville

Kilomita kama 50 mashariki mwa uwanja ule kuna mji wa Danville. Hapo ndipo alipozaliwa Wendell Scott, 1921. Vita ya Pili ya Dunia ilipopamba moto alikuwa fundi wa magari ya jeshi la Marekani huko Ulaya. Aliporudi akawa dereva wa teksi, akawa na gereji, na usiku akawa anafanya kazi ambayo madereva wengi wa kwanza wa NASCAR waliifanya: kusafirisha pombe haramu kwenye barabara za milimani huku polisi wakimkimbiza. Mtu akikimbizwa na polisi miaka kadhaa bila kuingia mtaroni, huyo anajua kuendesha.

Aliingia kwenye mashindano 1952, pale pale Danville. Aliyeandaa mbio alitaka dereva mweusi ili watu waje kumshangaa, akaenda kuwauliza polisi nani ana mbio zaidi kati ya wasafirisha pombe. Polisi wakamtaja Scott. Ndivyo alivyoanza, kama kivutio cha tiketi. Kuna viwanja alikofika na gari lake akarudishwa mlangoni kwa rangi yake. Akawa anageuza gari anakwenda uwanja mwingine.

Alipofika ligi ya juu, mwaka 1961, hakuwa na timu kama tunavyoijua. Timu yake ilikuwa wanawe. Injini alifunga mwenyewe. Matairi na vipuri vingi alinunua vilivyokwisha kutumiwa na timu zenye hela. Huku wenzake wakipewa magari na kampuni kubwa, yeye alikuwa anakwenda na mkweche wake akikesha njiani kuutengeneza. Pamoja na hayo alikimbia karibu mbio 500 za ligi ya juu, na mara 147 akamaliza ndani ya kumi bora. Tuwaombe wasomaji waisome takwimu hiyo mara mbili. Ni kama timu inayosafiri kwa basi la kukodi, wachezaji wakifua jezi wenyewe, halafu inamaliza juu ya nusu ya vigogo.

Desemba 1, 1963

Siku hiyo, siku kumi na moja kabla ya Kenya kupata uhuru wake, Scott alikuwa Jacksonville, Florida, kwenye uwanja wa udongo wa umbali wa nusu maili. Mbio zilikuwa za mizunguko 200. Zikiwa zimebaki 25 alimpita Richard Petty, ambaye baadaye angekuwa bingwa mara saba. Hakushikika tena. Alimaliza mizunguko yake 200, akatazama bendera ya mwisho. Haikupepea. Akaendelea. Bendera ikapepea kwa Buck Baker, dereva mweupe, ambaye kwa kweli Scott alikuwa amemtangulia kwa mizunguko miwili mizima.

Baker akaenda jukwaani, akapewa kombe, akapigwa picha, akaondoka nalo. Scott akalalamika. Hesabu zikarudiwa, na baada ya saa mbili hivi, watu wameshaondoka, majukwaa matupu, wasimamizi wakakiri kuwa mshindi ni Scott. Maelezo yao yalikuwa kwamba wahesabuji walikosea.

Tuwe wa haki. Miaka ile mizunguko ilihesabiwa kwa mkono, mtu anakaa na karatasi na kalamu, vumbi limejaa, magari yanapishana. Makosa yalikuwa yanatokea. Lakini Scott mwenyewe hakuamini kwamba hili lilikuwa kosa la kalamu, na mazingira yanampa nguvu. Desturi ilikuwa mshindi apokewe jukwaani na mrembo wa mashindano na kupewa busu. Ilikuwa Kusini mwa Marekani, 1963, miezi mitatu tu baada ya watu kuandamana Washington kudai haki za weusi, na sheria ya kupiga marufuku ubaguzi kwenye sehemu za umma ilikuwa bado haijapitishwa. Scott aliamini kwamba kulikuwa na watu ambao hawakuwa tayari kuiona picha ile ikipigwa.

Na hata tukisema ni kosa la kalamu, swali la pili halina jibu. Kosa liligunduliwa jioni ileile. Kwa nini kombe halikufuatwa kwa Baker kesho yake? Mwezi mmoja hivi baadaye Scott alipewa kijikombe cha mbao cha bei rahisi, ambacho hakikuwa lile la Jacksonville. Mtu ambaye umemkosea kwa bahati mbaya unamwomba radhi, unamrudishia chake. Scott aliishi miaka 27 baada ya ushindi ule. Alikimbia mpaka ajali kubwa ya Talladega, mwaka 1973, ilipomvunja mifupa na kumkatisha safari. Akarudi gereji kwake. Alifariki Desemba 1990. Wakati wote huo anwani yake ilijulikana, na hakuna aliyebisha hodi.

Kombe rasmi kutoka NASCAR familia yake ilikabidhiwa Agosti 28, 2021, pale Daytona, siku moja kabla ya siku ambayo angetimiza miaka 100. Ilikuwa imepita miaka 57 na ushei. Wanawe walewale waliokuwa wakibeba matairi utotoni walilipokea wakiwa wazee.

Kilichoibwa si bati

Kijiweni kuna watu watasema, sasa kelele zote hizi za nini, si jina lake liliandikwa kwenye kumbukumbu kama mshindi? Kombe si bati tu?

Hapo ndipo tunapotofautiana nao. Kwenye mbio za magari, kuliko hata kwenye mpira, picha ya mshindi ni mtaji. Mchezaji wa mpira anahitaji miguu na viatu. Dereva anahitaji mdhamini, kwa sababu gari, injini na matairi vinakula hela kila wiki. Mdhamini hasomi kumbukumbu za mizunguko. Anaangalia picha: nani yuko jukwaani, kofia gani imevaliwa, ubavuni mwa gari kumeandikwa nini. Picha ya Jacksonville ilipigwa na mtu mwingine ndani yake. Scott, dereva mweusi wa kwanza kushinda kwenye ligi ile, alikwenda nyumbani bila picha. Miaka kumi iliyobaki ya safari yake hakuwahi kupata gari la kampuni lenye hadhi ya waliokuwa wakimzunguka, na hakushinda tena.

Kwa hiyo walioshikilia kombe walichukua na ile siku yenyewe. Walichukua sauti ya watazamaji, walichukua mashahidi, na walichukua kile ambacho siku ile ingezaa. Kuna watoto weusi wangapi Florida na Virginia waliotoka uwanjani jioni ile, au waliosoma gazeti kesho yake, wakidhani aliyeshinda ni Baker? Kitu hicho huwezi kukirudisha mwaka 2021 kwa kukabidhi kombe jipya na kupiga makofi.

Pengine ndiyo maana ilichukua nusu karne kumpata wa pili.

Namba 34

Turudi kwenye pikapu. Oktoba 2014 Wallace alirudi Martinsville. Msimu mzima alikuwa anatumia namba 54. Wiki hiyo akaibandua, akaweka 34, namba ya Wendell Scott, ambaye wakati huo alikuwa ametangazwa kuingia kwenye jumba la magwiji wa NASCAR, mweusi wa kwanza, akisubiri kuapishwa Januari iliyofuata. Mizunguko 200 ilipokwisha, pikapu namba 34 ilikuwa mbele. Namba iliyonyimwa jukwaa Jacksonville ilipanda jukwaani umbali wa mwendo wa chini ya saa moja kutoka nyumbani kwa mwenyewe, na safari hii aliyepewa zawadi alikuwa ndiye aliyeshinda.

Wallace hakudondoka kutoka mbinguni. Alikuwa na kipaji, lakini alikuwa pia na mlango. Mwaka 2004 NASCAR ilianzisha mpango wa kulea madereva kutoka jamii ambazo hazikuwamo kwenye mchezo, na yeye akapita humo. Alipofika kwenye pikapu alipewa gari la timu ya Kyle Busch, moja ya timu kali za ligi ile. Wawekeeni Scott na Wallace magari yanayolingana, halafu mtuambie nani angeshinda mara nyingi. Hatujui, na ubaya wenyewe ni huo, kwamba hatutajua kamwe.

Lakini mlango ukifunguliwa haimaanishi umefunguliwa milele. Katikati ya 2017 timu ya Wallace kwenye ligi ya pili ililiweka kando gari lake kwa kukosa wadhamini. Dereva akabaki mtaani. Agosti mwaka huohuo akapewa pikapu ya timu ndogo kwa mbio moja tu pale Michigan. Akashinda. Msimu uliofuata alikuwa ligi ya juu akiendesha namba 43, namba ya Richard Petty, yule yule aliyepitwa na Scott kule Jacksonville. Ligi ndogo ya pikapu ndiyo iliyomwokoa mara mbili: mara ya kwanza ilimtambulisha, mara ya pili ilimtoa shimoni.

Mengine wengi wanayajua. Juni 10, 2020, NASCAR ilipiga marufuku kwenye viwanja vyake bendera ya majimbo ya Kusini yaliyopigana vita kutetea utumwa, bendera ambayo kwa miaka mingi mashabiki walikuja nayo kama sisi tunavyokuja na skafu za Simba na Yanga. Usiku huohuo Wallace alikuwa Martinsville tena, gari lake limepakwa rangi nyeusi. Oktoba 2021, akiwa na timu ya Michael Jordan na Denny Hamlin, alishinda Talladega, dereva mweusi wa kwanza kushinda ligi ya juu tangu Scott. Julai 2025 akashinda mbio kubwa za Indianapolis.

Na kwenye pikapu mlango umebaki wazi. Machi 1, 2024, Rajah Caruth, kijana aliyejifunza kuendesha kwa michezo ya kompyuta kabla ya kugusa gari la kweli, alishinda mbio za Las Vegas. Akawa dereva mweusi wa tatu kushinda kwenye ngazi ya taifa. Kutoka wa kwanza hadi wa pili ilichukua miaka 50. Kutoka wa pili hadi wa tatu ilichukua kama kumi. Mei 2025 Caruth akashinda tena, Nashville. Siku hizi kila pikapu ina kifaa kidogo kinachotuma ishara kila inapovuka mstari, na mizunguko inahesabiwa na kompyuta. Hakuna wa kuambiwa kwamba kalamu ilikosea.

Na sisi je?

Tunayaandika haya kwenye kurasa za soka kwa sababu tunaona mambo mawili yanayotuhusu moja kwa moja.

La kwanza ni uamuzi unaochelewa. Machi 8, 2025, mashabiki walikuwa wameshafika Dar es Salaam kutoka mikoani kuangalia Yanga na Simba, wengine wamelala kwenye mabasi, na siku hiyohiyo ya mechi wakaambiwa haipo. Dabi ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Hatufufui ubishi wa nani alikuwa sahihi. Wenye timu zao wataubishania mpaka wachoke. Tunachosema ni kwamba shabiki wa Machi 8 hakulipwa na mechi ya Juni 25. Nauli yake ilikwisha, ruhusa yake ya kazini ilikwisha. Haki iliyocheleweshwa, hata ikija ikiwa kamili, inamkuta mwenyewe ameshaondoka uwanjani. Bodi ya Ligi na TFF wanapoandika kanuni zao za msimu, waweke muda wa mwisho kwa kila rufaa, wautangaze hadharani, na wao wenyewe waufuate. Rufaa ya mechi ya wiki hii isikute raundi tatu zimeshachezwa juu yake. Na uamuzi ukitoka, utoke na sababu zake, ili aliyeshindwa naye aelewe alivyoshindwa.

La pili linauma zaidi. Tuna tabia ya kuwakumbuka magwiji wetu kwenye misiba. Mwaka 1979 Peter Tino alifunga bao pale Ndola dhidi ya Zambia, Taifa Stars ikapata tiketi ya kwenda Afcon ya 1980 Nigeria. Ilituchukua mpaka 2019 kurudi tena. Kwa karibu miaka 40 kikosi kile kilikuwa ndicho cha pekee nchini kilichowahi kufika huko. Ni wangapi kati yao walipewa heshima inayofanana na kazi ile wakiwa na macho ya kuiona? Ni mara ngapi tumesoma wasifu mtamu wa mchezaji kwenye makaburi, viongozi wamepanga mstari na makoti meusi, wakati miaka mitano kabla yake mtu huyohuyo alikuwa anakuja uwanjani na hana hata kiti cha uhakika?

Hatuombi mambo makubwa. Klabu zetu zina siku zao za sherehe zinazojaza uwanja. Waitwe wazee wale, mmoja mmoja, kwa jina na kwa namba ya jezi, watembee mpaka katikati ya uwanja wasikie makofi kwa masikio yao. TFF iwe na orodha rasmi ya wachezaji wote waliovaa jezi ya taifa, na nani yuko hai, anaishi wapi, anaumwa nini. Kazi hiyo haihitaji mabilioni. Inahitaji mtu mmoja mwenye daftari na simu, na bosi anayemuuliza kila Ijumaa amefikia wapi.

Pale Martinsville walijua kumpa mshindi saa yake jioni ileile. Wendell Scott alikuwa na miaka 42 alipoivuka ile mizunguko 200 ya Jacksonville, na akapewa miaka mingine 27 ya kungoja. NASCAR ilikuwa na siku karibu elfu kumi za kumpigia simu mzee mmoja wa Danville, ikashindwa kuitumia hata moja. Sisi wazee wetu wengine bado wapo. Simu zao bado zinaita. Wapigiwe wiki hii.